Boriti za Mkwe

28 Novemba

Mvua ya kwanza leo, na baraza letu halina paa. Mke wangu Tereza ametega ndoo nyuma yote ya nyumba, anashangilia maji ya bure, mimi nimesimama mlangoni natazama tope likiingia sebuleni. Mwaka jana niliezeka baraza hili juu ya nguzo za paini. Mchwa wa Nzuguni wakazila kwa ndani mpaka paa likashuka lenyewe mchana kweupe na kuua kuku. Fundi Petro bado ananicheka. Anasema hajawahi kuona afisa misitu anayeshindwa na mdudu. Na mimi huwa nacheka naye.

Niseme kabisa, mimi ni Bwana Misitu, ofisi iko Mtumba, na kinachonihusu ni mikoko. Ndiyo, mikoko ya pwani, nami niko Dodoma. Nimezaliwa Kondoa, sijui kuogelea, na wote wenye utani wa kunitania kuhusu hilo wameshautoa. Kila baada ya miezi kadhaa nashuka Mtapani, kijiji cha deltani, ambako wenyeji wanaotesha upya mikoko kwenye mashamba ya mpunga yaliyokufa kwa chumvi. Halafu narudi huku juu naandika taarifa. Kazi hii naipenda. Naiandika hapa mapema, maana kwa utani huo sioni kama nitaweza kuisema kwa sauti mwaka mzima.

1 Desemba

Mvua tena. Tereza amepanda mahindi mpaka mlangoni mwa choo.

3 Desemba

Baba mkwe ameleta nguzo.

Mzee Zablon, baba yake Tereza, ni dalali wa mahindi pale Kibaigwa. Magari yanayoshusha mahindi Dar hayapendi kurudi matupu, na yeye madereva wote anawajua kwa majina. Alasiri lori likasimama mbele ya nyumba, vijana wakafunua turubai wakaanza kushusha. Nilijua kabla nguzo ya pili haijagusa ardhi. Gome lake jekundu, uzito wake, vijana wawili wanabeba moja huku wanaguna, na ile harufu ya tope la chumvi ambayo mimi huinusa Mtapani tu. Boriti za mikoko. Nene, zimenyooka, za miti iliyokaa miaka. Kibali cha kukata miti kama hiyo kule deltani hakitolewi tena, na najua hivyo kwa sababu barua ya kusitisha vibali hivyo niliandika mimi.

Mzee alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Akanieleza alivyohangaika kuzipata, kwamba mchwa hawazigusi, kwamba wajukuu zake watakaa chini ya baraza hilo mpaka waote mvi. Ukoo wa kina Tereza una desturi yao: binti akijenga, baba yake anatoa kitu cha kusimamisha nyumba, na mkwe anapokea mbele ya watu. Majirani walikuwa wameshajaa. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, kwamba Baba, mzigo huu hauruhusiwi. Badala yake nikapiga goti nikasema, "Asante sana, Baba, umetusitiri."

Tereza akachinja jogoo. Nilikula paja.

5 Desemba

Mama Josephine, mkuu wangu wa kitengo, ameniomba nimwandikie hotuba. Nimeandika kwamba anayemaliza mikoko si mvuvi mwenye panga, ni soko la bara, ni watu wanaojenga mbali na bahari bila kuuliza nguzo zao zimetoka wapi. Aliisoma palepale amesimama. Akasema hajawahi kuona nikiandika kwa uchungu hivi, inaonekana imetoka moyoni. Masikio yaliniwaka mpaka nikaenda kunawa uso.

12 Desemba

Petro amemaliza baraza. Limesimama barabara, sina la kusema. Nilimwambia azipake boriti oili chafu, kuanzia chini hadi juu. Akauliza ya nini, na hizi mchwa hawali. Nikamwambia apake tu. Akaniangalia kidogo, akapaka. Sasa ni nyeusi zote na hakuna mtu atakayejua ni miti gani, isipokuwa mimi ninayepita hapo asubuhi na jioni.

25 Desemba

Krismasi. Mzee Zablon alikula barazani, na kila aliyekuja kutuamkia aliambiwa nguzo zimetoka kwa nani. Mtoto wetu Hilaria alikuwa anazihesabu kwa kuzikumbatia. Alijichafua gauni jipya, akapigwa na mama yake, na mimi nikanyamaza.

9 Januari

Suleiman amepiga simu.

Huyu ndiye mwenyekiti wa kamati ya mikoko ya Mtapani. Nikifika kule ananiachia kitanda chake yeye analala mkekani, na mama yake hunipakulia mimi kwanza kabla ya watoto wake. Ni mtu wa maneno machache na huwa hapigi simu kwa mambo madogo. Usiku wa kuamkia leo kamati imekamata mtumbwi umesheheni boriti. Waliokuwemo watatu. Mmoja wao ni Shamte, mdogo wake, tumbo moja.

Aliniambia wenzake wamekaa kando wanamsubiri yeye aseme. Hakuna aliyemlaumu bado. Wakiwaachia sasa hivi, mzigo utazama mtoni na habari itakuwa imeishia hapo, nao wataendelea kuotesha kama kawaida. Akaniuliza, "Bwana Misitu, nifanyeje?"

Nilikuwa barazani, maana ndipo mtandao unaposhika. Nilikuwa nimeegemea. Nikamwambia, "Mwenyekiti, ukimwachia ndugu yako leo, kesho utamkamata mtoto wa nani?"

Nilisema vizuri, kwa sauti ya upole, kama mtu anayejua. Nilimwambia pia kwamba miche yote waliyopanda itakuwa ya bure watu wakiona sheria ina ndugu. Akasema sawa, atampeleka mwenyewe ili asipigwe njiani. Akanishukuru. Nilipokata simu nikakuta shati langu limeshika oili bega zima, nikaenda kulivua kabla Tereza hajaniuliza.

Ningeweza kujitetea hapa. Ushauri wenyewe ulikuwa sahihi, na angeutoa mtu mwingine ungekuwa sahihi zaidi. Lakini mimi ndiye niliyeutoa, na niliutolea wapi?

10 Januari

Hakuna mvua.

28 Januari

Hakimu amempa Shamte kuchagua, faini au jela. Ukoo unachanga. Suleiman ameniuliza kama na yeye anaruhusiwa kuchanga, maana ni mdogo wake, na mama yao amemwomba kwa kumshika miguu.

Nilimwambia asichange. Nilisema watu watasema mwenyekiti anakamata kwa mkono huu analipia kwa mkono huu, na kamati itakuwa mchezo wa kuigiza. "Kaa pembeni, Mwenyekiti. Waache wenyewe." Akasema amenielewa.

31 Januari

Bila fungu la Suleiman michango haikutimia. Shamte amekwenda jela. Mama yao amefunga nguo zake kwenye kanga akahamia kwa mke wa Shamte, na Suleiman akimpa shikamoo haitikii. Alinieleza haya yote bila kulalamika, halafu akaniuliza habari za kwetu, na mvua, na mtoto.

Nimekula chakula changu chote jioni hii. Nasikitika kusema nilikuwa na njaa.

6 Februari

Jua. Mahindi yamesokota majani.

11 Februari

Jua.

12 Februari

Jua. Petro amepita kuulizia kama nina jirani anayetaka nguzo kama zangu. Nimemjibu vibaya, na hakustahili.

19 Februari

Mama Josephine ameandaa warsha ya siku mbili hapa Dodoma na anataka Suleiman aje kuwa mfano. Kamati nyingine zimsikie mtu aliyemkamata ndugu yake mwenyewe. Akasema mimi ndiye mwenyeji, hivyo nimpokee kama anavyonipokea.

Suleiman amefurahi. Hajawahi kufika Dodoma. Amesema hatimaye ataiona nyumba yangu, amsalimu shemeji ambaye miaka yote anamsikia kwenye simu tu. Nikasema karibu sana. Kisha nimekaa na hiyo karibu yangu kifuani siku nzima.

4 Machi

Mvua imerudi, na Suleiman amefika. Nilimpokea stendi, nikamwona amekonda. Amevaa kanzu moja nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama, na mkononi ana kifurushi alichokuwa anakilinda kwa watu. Nikampeleka nyumba ya wageni. Akauliza kwa upole kama kwangu kuna msiba au jambo, maana alidhani atashukia kwangu. Nami nikamwambia Tereza anaumwa.

Sikuipanga hiyo. Ilitoka tu, na ilipotoka nikaipamba: homa, presha, daktari amesema asisumbuliwe. Suleiman akashika kifua, akamwombea dua palepale kwenye korido, muda mrefu, na mimi nikaitikia amina pamoja naye.

5 Machi

Ni mjinga gani anamwambia mtu wa pwani kwamba nyumbani kwake kuna mgonjwa, halafu anategemea mtu huyo asije?

Alasiri nimevua viatu barazani, bodaboda ikasimama. Alikuwa ameomba kuelekezwa na Mama Josephine. "Nimekuja kumwona mgonjwa," akasema. Mgonjwa wangu alikuwa shambani pale mbele, kanga kiunoni, anapiga palizi huku anaimba pambio.

Sikuwa nimemwambia Tereza neno. Alikuja anafuta mikono, anacheka, karibu shemeji, karibu sana. Suleiman akampa pole ya ugonjwa. Tereza akanitazama mara moja tu. Miaka yote ya ndoa hajawahi kunitazama hivyo. Kisha akamgeukia mgeni akasema amepata nafuu leo, anamshukuru Mungu. Suleiman akasema alhamdulillahi, akamkabidhi kile kifurushi. Kamba wakavu, wa kumchemshia mgonjwa supu. Kumbe ndicho alichokuwa anakilinda njia nzima, na alikitoa kwao kabla hajasikia uongo wangu, akakibadilisha matumizi.

Mvua ikashuka kwa nguvu. Hakuna pa kwenda, tukakaa barazani. Alitaka kuegemea, akaegemea. Halafu nikamwona anainua kichwa polepole. Aliangalia juu, akaangalia nguzo ya pili, ya tatu, mpaka kule mwisho kwenye jiko la nje. Akakwangua kidogo kwa ukucha chini ya oili, akatazama ule wekundu. Tereza ndiye aliyeona bega la kanzu limekuwa jeusi, akaomba aivue aifue kwa mafuta ya taa. Suleiman akasema asijisumbue, bado hajapata nguvu. Alisema hivyo bila kejeli yoyote, na Tereza akainama akaingia ndani.

Tukabaki wawili. Nikafungua mdomo. Akanyoosha mkono kunizuia.

"Usiniambie zimetoka wapi, Bwana Misitu. Nikishajua itabidi niseme. Mimi nimeshasema mara moja, na mama yangu haniitikii."

Nikaufunga mdomo. Naomba ieleweke, nilifarijika. Nilikaa pale nimefarijika kwamba nimekatazwa kusema kweli. Yeye akaniuliza Hilaria anasoma darasa la ngapi. Mvua ilipopungua akaaga, akamwombea tena Tereza uzima, akaondoka na bega lake jeusi.

6 Machi

Warsha. Alikuja na kanzu ileile, hana nyingine. Mama Josephine akamwomba asimulie habari ya Shamte. Aliisimulia kwa kifupi, macho mezani, na alipofika kwa mama yake akaruka. Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Nami nilipiga, maana nilikaa mstari wa mbele na nisingepiga ningeonekana.

Mshiriki mmoja akauliza, hizi boriti zinaishia wapi? Suleiman akasema yeye bara hakujui, aulizwe Bwana Misitu. Nikasimama. Nilisema yale ya kwenye hotuba, soko la bara, watu wanaojenga bila kuuliza. Sauti haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.

8 Machi

Nimemwambia Tereza. Tangu mgeni aondoke alikuwa ananipakulia chakula bila kuongea, na leo ameniuliza ana ugonjwa gani, ili ajue atapona lini.

Nimemweleza yote, tangu siku ya lori. Hasira yake ya kwanza haikuwa ya boriti. "Umenifanya mgonjwa mbele ya mgeni. Mtu ameniombea dua mara mbili, nikaipokea." Alilia kwa ajili ya wale kamba wakavu, kwamba Suleiman ni kama aliyefiwa na mama aliye hai, halafu sisi tumekula na supu yake. Ya boriti yalikuja baadaye, na yalipokuja alikaa chini.

Akasema ni baba yake, na hatanikataza. Lakini nisimpeleke popote kabla sijamwangalia usoni nikamwambia mwenyewe. Shamte naye alipelekwa na mtu aliyemwangalia usoni.

10 Machi

Kibaigwa. Nilimkuta Mzee Zablon juu ya magunia anabishana bei. Nikampa shikamoo, nikaomba tusogee pembeni. Nilimwambia zile boriti ni za wizi, na kwamba natoka hapo kwenda kuripoti. Nilidhani atapaza sauti. Aliuliza tu, "Mbona ulisema asante?"

Nikaangalia magunia.

"Ulisema asante, Baba Hilaria. Ukapiga na goti. Ungesema siku ile, ningezirudisha kwenye lori mchana uleule, ningekasirika wiki moja tukaisha. Umekaa chini yake msimu mzima, sasa ndiyo umekumbuka kazi yako?"

Kwamba alijua zilikotoka hakukana. Kila anayepokea mzigo huo anajua, alisema, na hata mimi nilijua. Ndivyo ilivyo. Nilitoka pale nikaenda kuandikisha maelezo. Niliomba na mimi nishitakiwe. Askari akaniambia mtoa taarifa ni shahidi, nisimpotezee muda.

15 Machi

Wamekuja kuzing'oa. Baraza limelala chini. Petro alisimama barabarani akitazama kazi yake, wala hakunitania.

26 Machi

Nilitoa ushahidi dhidi ya baba wa mke wangu, kwa Kiswahili kizuri. Yeye na mwenye lori wamepewa faini au jela. Mzee ana sukari, miguu imemvimba, alikuwa ameshika ukuta. Ndugu wa Tereza wakakusanyika nje chini ya mvua na kofia ikapitishwa. Hakuna aliyeniangalia. Tereza naye hakuniangalia, alikuwa anachezea pete yake tu. Mimi ndiye mkwe mkubwa. Nikatoa. Nilitoa kabla kofia haijanifikia, na nilitoa kuliko wote, na Mzee Zablon akalala kwake jana hiyohiyo.

Nimekosea, nimeandika jana. Ilikuwa leo. Ni kwamba inaonekana kama zamani tayari.

Shamte nilimkumbuka nikiwa narudi nyumbani.

2 Aprili

Mama Josephine alikasirika siku ya kwanza kwamba sikumpa taarifa kabla. Leo ameniita akanipa mkono. Anasema hiki nilichofanya ni ujasiri, na angependa kukitumia warsha ijayo: kule mwenyekiti na mdogo wake, huku afisa na mkwewe. Hadithi mbili zinazofanana, alisema. Nikamwomba asizitumie. Akaniuliza kwa nini, na mimi nikasema nina aibu tu, akacheka akasema unyenyekevu wangu umezidi.

6 Aprili

Nimempigia Suleiman. Nilizunguka kwanza, mvua, afya, miche. Miche imeshika, amesema, ile ya upande wa chini imetoa majani mapya. Kisha nikamwambia kwamba zilikuwa za baba mkwe, kwamba nimemripoti, amehukumiwa. Nilidhani nitajisikia mwepesi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa pole, akasema anajua ilivyo ngumu.

Akauliza, "Na Mzee yuko gereza gani?"

Nikasema yuko nyumbani.

"Alilipa?"

"Tulichanga."

"Na wewe ulichanga?"

Nilitaka kumwambia habari ya sukari, na miguu, na mvua, na ndugu waliokuwa wamesimama pale. Nikasema, "Nilichanga."

Nilimsikia anavuta pumzi, nikasubiri anitukane, na ningemshukuru. "Kumbe mtu anaweza kuchanga," akasema, taratibu, bila hasira, kama anayejisemea mwenyewe. Nyuma yake watu walikuwa wanamwita, maji yamekupwa, muda wa kupanda ndio huo. Akasema wanamsubiri, akaniaga kwa heshima kama kawaida yake, akakata.

Nilikuwa bado sijaomba samahani.